Somalia bila serikali: kasoro ilikuwa ya watu au ya viongozi?

Katikati ya mji wa Hargeisa, makao makuu ya Somaliland, yaani upande wa kaskazini uliojitangazia kujitenga na Somalia mwaka 1991, wabadilishaji fedha hupanga mabunda ya noti chini, kando ya barabara, kama fundi anavyopanga matofali, na adhana inapolia wengi wao huyafunika kwa kitambaa na kwenda zao msikitini. Hakuna askari anayelinda rundo hilo, na wageni wanaofika hapo kwa mara ya kwanza hawachoki kulipiga picha. Mwaka 1992, kusini mwa nchi ileile aliyoiacha rais Siad Barre, lori la chakula cha msaada lililotoka bandari ya Mogadishu halikuweza kufika mji wa Baidoa, huko bara, pasipo kupita kwenye vizuizi ambavyo Wasomali huviita isbaro, ambako vijana wenye bunduki, wengine hata ndevu hawajaota, walikata fungu lao kwanza, na mara nyingine walichukua na lori lenyewe.

Wengi wa watu wa pande hizi mbili ni wa lugha moja, dini moja na madhehebu moja. Wote walitawaliwa na Siad Barre kwa miaka 21, wote waliiona serikali yake ikianguka Januari 1991, na kila upande bunduki zilibaki mikononi mwa raia kwa maelfu. Ndiyo maana naiona Somalia kuwa mahali pazuri pa kulipimia swali la zamani, kuliko zile hadithi za kubuni za watu waliotupwa na bahari kisiwani. Serikali ikiondoka na sheria zake, kinachobaki ni tabia ya mwanadamu jinsi ilivyo bila kificho, au ni kazi ya wale wanaojitokeza kuongoza?

Wapo wanaoamini kwamba mwanadamu akiondolewa hofu ya dola hugeuka mnyama, na kwao Mogadishu ya mwaka 1991 na 1992 imeshafunga mjadala. Ushahidi wao si wa kupuuzwa. Barre alipokimbia mji mwishoni mwa Januari 1991, ofisi za serikali ziliporwa mpaka nyaya zikang'olewa kutani na kuuzwa kama shaba chakavu. Mwezi Novemba mwaka huohuo vita vilizuka ndani ya mji kati ya wafuasi wa Ali Mahdi Mohamed na wale wa Jenerali Mohamed Farah Aidid, ambao wote wawili walitoka katika USC, kundi lilelile lililomfukuza Barre, na kwa muda wa miezi minne hivi mizinga ilirushwa mitaani kana kwamba hakuna aliyekuwa akiishi humo. Katika nchi ya wakulima iliyo kati ya mito ya Juba na Shabelle mambo yalikuwa mabaya zaidi. Majeshi yaliyokuwa yakifukuzana yalipita mara mbili tatu juu ya vijiji vilevile, yakaswaga mifugo na kufukua mashimo ambamo wakulima wa huko huhifadhi mtama. Ukame ulikuwepo, ni kweli, lakini mtama uliofukuliwa ulikuwa umewekwa kwa ajili ya ukame hasa. Inakadiriwa kwamba njaa ile iliua watu zaidi ya 200,000.

Hata hivyo, ushahidi huu ukitazamwa kwa karibu haushuhudii kile ulichoitiwa. Vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu havikutokea Somalia. Majirani hawakuamka asubuhi moja wakaanza kuchinjana kwa sababu polisi ameacha kuja kazini. Walioua na kupora kwa wingi walikuwa vikosi, vyenye wakubwa, magari, mafuta na namna ya kulipana, na malipo yenyewe yalikuwa ngawira na miraa. Miraa inastahili kusimuliwa kidogo. Ilichumwa Meru, ikapakiwa kwenye ndege ndogo katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ikashushwa katika viwanja vya vumbi nje ya Mogadishu, na kwa kuwa hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi, ililazimu iwafikie wanawake waliokuwa wakiiuza vibandani siku ileile, wengi wao wakiwa wameichukua kwa mkopo wa kulipwa jioni. Biashara kama hiyo haiwezi kuendeshwa mahali pasipo na kanuni. Kuna aliyelinda uwanja na kulipwa ushuru wake, kuna aliyeachiwa apite, na kuna aliyeaminiwa kwa deni. Katikati ya mji ambao dunia nzima iliuita mji wa vurugu, kanuni zilikuwa zikifuatwa kwa dakika na saa, ila zilikuwa kanuni za wenye bunduki na wafanyabiashara wao.

Kutokana na mambo ya namna hiyo umezuka upande wa pili, ambao katika miaka ya 2000 ulipata watetezi miongoni mwa wachumi. Hawa husema kwamba ugonjwa wa Somalia ulikuwa serikali yenyewe, na kwamba ilipoondoka watu walianza kupona. Wana mengi ya kuonyesha, na ni makosa kuwacheka. Serikali ya Barre ndiyo iliyoupiga mji wa Hargeisa kwa mabomu mwaka 1988, ndege zikirukia kutoka uwanja wa mji huohuo, na waliokufa kaskazini katika vita hivyo walikuwa makumi ya maelfu. Ukiwa na serikali ya aina hiyo, kuikosa kunaweza kuwa nafuu. Baada ya 1991 shilingi ya Somalia iliendelea kutumika ingawa benki kuu iliyoitia saini haikuwepo tena. Hawala zilifikisha fedha za walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona tawi la benki, kampuni za simu zilishindana hadi bei zikawa miongoni mwa zilizo nafuu kabisa Afrika, na ng'ombe wa Juba ya Chini walivuka mpaka kuja soko la Garissa kwa wingi kuliko kabla ya vita.

Chini ya yote hayo ilikuwepo xeer, ambayo hutamkwa kwa h nzito ya kooni, nayo ni sheria ya mila ya Wasomali, kongwe kuliko ukoloni. Mtu akimuua mwenzake kisimani, kwa mfano, wazee wa koo mbili hukaa chini ya mti kwa siku kadhaa, wakasikiliza mashahidi, wakakumbushana kesi za babu zao, kisha wakakata fidia, ambayo kwa kawaida ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Ngamia hao hawalipwi na muuaji peke yake bali na kundi zima la jamaa zake waliofungamana kulipiana dia, kila mmoja kwa fungu lake. Hapo ndipo palipo na ujanja wa mfumo wenyewe. Kijana mwenye hasira akiokota bunduki, wa kwanza kumzuia ni ami yake, kwa sababu ami ndiye atakayetoa ngamia. Sijui kama kuna polisi anayeweza kumchunga mtu kwa karibu namna hiyo. Na yale mabunda ya noti ya Hargeisa yanaeleweka vizuri zaidi hivi kuliko kwa kusema kwamba watu wa huko ni waaminifu kwa maumbile. Mwizi anajulikana ni wa nani, na jamaa zake wanajua watadaiwa.

Lakini mfumo huu una swali ambalo watetezi wake hulipita haraka mno. Asiye na jamaa wa kumdai mwizi hufanya nini?

Mji wa Barawa, ulioko pwani kusini mwa Mogadishu, ni mji wa zamani wa Waswahili wenye lahaja yao, Chimwini, na wenye mashairi ya dini na mafundi wa kofia, viatu vya ngozi na nguo za kufuma. Familia nyingi za mji huo ni za wafanyabiashara, masharifu na mafundi, watu wa mjini wasiobeba silaha na wasiokuwa na ukoo mkubwa wa wafugaji nyuma yao. Mwaka 1991 na 1992 mji ulipitiwa na kila kundi lililopanda na kushuka pwani ile. Maelfu walipanda vyombo vya bahari na kuja Mombasa, wakawekwa katika kambi za wakimbizi, na wengine wakapanga vyumba katika mitaa yetu. Bibi mmoja aliyepanga nyumba ya jirani alikuwa akishona kofia barazani tangu alasiri hadi taa zinapowashwa, nasi watoto tulimzunguka kwa sababu Kiswahili chake kilitufurahisha. Siku moja aliulizwa walikuwa akina nani hasa waliowavamia. Hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Wapi nitawajua, mwanangu? Wakija hawa Jumatatu, Alhamisi wanakuja wengine, wanatupiga watuulize wa Jumatatu wamechukua nini."

Nilipokuja kusoma habari za xeer nikiwa mtu mzima, na kuona inavyosifiwa kuwa sheria isiyohitaji serikali, maneno ya bibi yule yalinirudia. Wale wa Jumatatu na wale wa Alhamisi walikuwa na xeer. Lau wangeuana wenyewe kwa wenyewe, wazee wangekaa na ngamia wangehesabiwa. Kilichowakosesha Wabarawa ulinzi ni kwamba hakuna aliyeweza kuja kuwadai dia kwa nguvu, na sheria ya fidia isiyo na mdai haina kitu. Hali hiyohiyo iliwapata wakulima wa bonde la Juba wenye asili ya Kibantu, ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanganyika na sehemu nyingine za kusini katika karne ya 19, na baadhi yao bado wanazungumza Kizigula. Vita vilipowafikia, wamo waliorudi walikotoka mababu zao, mkoani Tanga, ambako serikali ya Tanzania iliwapa ardhi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye ikawapa uraia. Wachumi wanaopima kama Wasomali waliishi vizuri zaidi bila serikali huchukua wastani wa nchi nzima, na katika wastani watu hawa hawaonekani.

Kwa hiyo naona pande zote mbili zimeanza na swali lisilofaa. Mwanadamu wa Somalia hakugeuka mnyama wala hakuthibitika kuwa malaika. Alifanya alichokuwa akifanya siku zote, yaani alijikinga ndani ya kundi lake, akawa mwema kwa wa ndani na, akipata kiongozi wa kumwongoza huko, akawa katili kwa wa nje. Tabia hiyo ilikuwa ileile Hargeisa na Mogadishu. Tofauti lazima itafutwe kwingine, na mimi naitafuta kwa viongozi, ingawa si katika wema wao.

Aidid na Ali Mahdi hawakuwa wajinga wala hawakuwa watu wa ovyo. Wa kwanza alikuwa mwanajeshi aliyefungwa na Barre kwa miaka kadhaa na baadaye kuwa balozi nchini India, wa pili alikuwa mfanyabiashara mwenye hoteli. Fahali wawili hawakai zizi moja, watasema wazee, na methali inatosha kueleza ugomvi wao, lakini haielezi kwa nini ugomvi huo ulipata nguvu ya kuua mji. Hilo laelezwa na kile walichokuwa wakigombea. Mogadishu ilikuwa na bandari, uwanja wa ndege, balozi, na zaidi ya yote ilikuwa na kiti ambacho mataifa yangekitambua na kukiletea misaada, kama yalivyomletea Barre kwa miaka 20. Anayetarajia kulishwa kutoka nje hana sababu kubwa ya kumbembeleza mkulima wa Baidoa au fundi wa Barawa. Anachohitaji kwao ni kwamba wasimpinge. Umoja wa Mataifa ulipoingia kwa nguvu mwaka 1993, ukakodi majumba, magari na walinzi, sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwa watu walewale wenye vizuizi, na mikutano ya amani iliyofuata ilimpa kila mwenye kikosi kiti mezani. Sisi Wakenya tuliuona mmoja wa mikutano hiyo kwa macho, ule ulioanza Eldoret mwaka 2002 ukahamia Mbagathi na kumalizika mwaka 2004, wajumbe wakilala na kula kwa fedha za wafadhili kwa miaka miwili. Nani angekuwa na haraka ya kuafikiana?

Kaskazini mambo yalianza tofauti tangu vitani. SNM, chama kilichoundwa London mwaka 1981 na kupigana na Barre kutoka mpakani mwa Ethiopia, hakikuwa na mfadhili mkubwa wa kukitegemea. Chakula cha wapiganaji kilichangwa na koo, vijana waliandikishwa na wazee, na mwenyekiti aliyewachosha wanachama aliondolewa kwenye mkutano mkuu na kuchaguliwa mwingine, jambo lililotokea zaidi ya mara moja katika muda wa miaka 10. Waliposhinda mwaka 1991, wazee waliokuwa wakiwalisha ndio waliowazuia kulipiza kisasi kwa koo zilizokuwa upande wa Barre. Mkutano mkubwa wa mwaka 1993 ulifanyika Borama, mji wa ukoo wa Gadabursi, ambao wengi wa watu wake walikuwa upande ulioshindwa. Wazee 150 wenye haki ya kupiga kura walikaa huko kuanzia Januari hadi Mei, wakila chakula cha wenyeji na michango ya koo zao. Rais aliyekuwepo, Abdirahman Ahmed Ali Tuur, alishindwa katika uchaguzi wao na akakabidhi madaraka kwa Mohamed Ibrahim Egal.

Egal hasemwi hapa kama mtakatifu. Alikuwa mwanasiasa wa zamani, waziri mkuu wa Somalia nzima kuanzia 1967 hadi jeshi lilipopindua serikali mwaka 1969, mtu aliyejua kila mlango wa nyuma. Bahati yake kubwa ilikuwa kwamba ukoo wake ndio uliokuwa na bandari ya Berbera, na kwa hiyo ushuru wa mbuzi na kondoo waliopelekwa Saudi Arabia uliingia hazina yake. Alikopa kwa wafanyabiashara, nao akawalipa kwa nafuu za kodi ambazo zingemfikisha mahakamani katika nchi nyingine. Wapiganaji aliwaingiza jeshini na kuwapa mshahara ili waondoke kwenye vizuizi. Mwishoni mwa mwaka 1994 alipigana na wanamgambo wa ukoo mwingine waliokuwa wakitoza ushuru katika uwanja wa ndege wa Hargeisa, na vita hivyo viliwafukuza watu wengi makwao. Tofauti yake na Aidid haikuwa usafi wa moyo. Ilikuwa kwamba nchi yake haikutambuliwa na yeyote, hivyo hakuna aliyemletea fedha za kutosha kumwezesha kuwapuuza wenye mifugo, wenye maduka na wazee. Kila alichotaka ilimbidi akiombe nyumbani, na wanaoombwa hupata nafasi ya kuweka masharti.

Kuomba huko kulizaa mazoea, na mazoea yalikuja kuonekana Egal alipofariki hospitalini Pretoria mwezi Mei 2002. Makamu wake, Dahir Riyale Kahin, aliapishwa siku hiyohiyo, naye alikuwa Mgadabursi, mtu wa ukoo usio mkubwa, na juu ya hayo alikuwa ofisa wa usalama wa taifa enzi za Barre. Mwaka uliofuata aligombea dhidi ya Ahmed Mohamed Silanyo, aliyekuwa mwenyekiti wa SNM wakati wa vita. Zilipigwa kura karibu 490,000, na tume ikamtangaza Riyale kuwa mshindi kwa tofauti ya kura 80. Msomaji wa Kenya au wa Zanzibar hahitaji kuelezwa kura 80 zinaweza kuzua nini. Silanyo alilalamika, akaenda mahakamani, akashindwa, na baada ya wazee kumkalia kitako akakubali. Mpigania uhuru alimwachia kiti mtumishi wa utawala alioupigania kuuangusha, akangoja miaka 7, akashinda mwaka 2010.

Anayepinga hoja yangu ana mahali pazuri pa kushika. Anaweza kusema kwamba Waingereza waliitawala kaskazini kwa kupitia wazee, wakiwaacha wafugaji waendelee na mambo yao, ilhali Waitaliano kusini walinyakua ardhi ya mito kwa mashamba ya ndizi na kuvuruga mamlaka ya jadi, hivyo viongozi wa mwaka 1991 walirithi tu walichokikuta. Anaweza kuongeza kwamba kaskazini hapakuwa na cha kuporwa. Nakubali sehemu kubwa ya hayo. Ubora wa Egal na wenzake ungezama Mogadishu kama jiwe, na nisingethubutu kuapa kwamba Aidid angekuwa jambazi kama angezaliwa Burao, mji wa kaskazini. Lakini historia hiyo haifuti hoja. Inaonyesha ni kwa nini upande mmoja viongozi walilazimika kuomba na upande mwingine hawakulazimika. Na mazingira yenyewe hayakumwamuru Silanyo akubali kura 80, wala hayakumlazimisha Tuur kutoka ikulu. Palikuwa na nafasi ya kuchagua, nyembamba lakini ya kweli.

Kusini nako kulikuwa na wakati ambapo mambo yaliendeshwa kwa kuombana. Mahakama za Kiislamu za Mogadishu zilianza kama vyombo vya mitaa na koo, kila moja na kadhi na walinzi wake. Sharif Sheikh Ahmed, mwalimu wa jiografia, aliingia humo baada ya mwanafunzi wake kutekwa na genge lililodai fedha. Wafanyabiashara wa soko la Bakaara, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamelipa kila kizuizi, walihesabu wakaona kwamba kadhi ni nafuu kuliko mbabe wa vita, wakahamishia michango yao huko. Juni 2006 mahakama zilizoungana ziliwatimua wababe, na ndani ya miezi miwili vizuizi vikaondolewa, uwanja wa ndege na bandari vikafunguliwa kwa mara ya kwanza tangu katikati ya miaka ya 1990. Wakazi waliokuwa hawamjui mwanasiasa hata mmoja wa kumsifu walitembea usiku. Lakini miongoni mwa wenye mahakama walikuwepo wengine waliotaka kufunga vibanda vya kuonyeshea mpira na kupiga marufuku miraa, na vijana wenye bunduki wa kundi la al-Shabaab hawakuwa wakimngojea mzee yeyote awape ruhusa. Jeshi la Ethiopia lilipoingia Desemba mwaka huo, waliochangisha na kuombana walitawanyika, na waliobaki na silaha wakawa ndio mahakama. Sharif aliishia kuwa rais wa serikali ya mpito mwaka 2009, akipigwa mizinga na watu waliokuwa chini ya mwavuli wake miaka mitatu kabla.

Al-Shabaab leo hutoza kodi kwenye vizuizi na kutoa risiti, ili mwenye lori asitozwe mara mbili njiani, na wamo wakazi wa Mogadishu, mji ulio chini ya serikali, wanaotoka mjini kupeleka kesi zao za ardhi kwa makadhi wa kundi hilo kwa kuwa huko hukumu haiuzwi. Jambo hili huwachanganya watu wa pande zote mbili za mjadala. Sheria ipo, inatekelezwa, na rushwa ni haba, lakini mwenye kesi akiona hukumu imemdhulumu hana wa kumlalamikia, na asiyelipa huuawa. Hofu ya dola ambayo upande wa kwanza huitaka imo humo tele.

Kuhusu kaskazini, methali yetu ya penye wazee haiharibiki neno ilipaswa kupata ushindi wake huko, na kwa muda iliupata. Hata hivyo baraza la wazee, Guurti, halijawahi kuchaguliwa na wananchi. Limejiongezea muda tena na tena, na mzee akifariki kiti chake huchukuliwa na mwanawe au ndugu yake, mara nyingine kijana ambaye hajawahi kuketi chini ya mti kusikiliza kesi ya ngamia. Wakati huohuo serikali ya Hargeisa ilipata jeshi la kutosha, mapato ya bandari iliyopanuliwa na marafiki wa nje. Las Anod, mji wa ukoo wa Dhulbahante upande wa mashariki, ulishikwa na jeshi hilo tangu 2007. Mwishoni mwa mwaka 2022 vijana wake waliandamana baada ya mwanasiasa kuuawa mjini humo, askari wakawafyatulia risasi, na tarehe 6 Februari 2023 wazee wa ukoo wakatangaza kwamba hawataki tena kutawaliwa kutoka Hargeisa. Mji ulipigwa mizinga kwa miezi, hospitali ikiwemo, na zaidi ya watu 100,000 walikimbia. Agosti mwaka huo wapiganaji wa koo walilitimua jeshi kutoka kambi yake nje ya mji.

Mwaka 1993 wazee wa Dhulbahante walikuwa na viti vyao Borama, miongoni mwa wale 150, na ilichukua miezi minne kuwasikiliza wao na wengine wote.